Kwenda Saa Saba, Kurudi Ishirini na Mbili

Mtu aliyebuni ule mtambo wa kwenye simu unaokokotoa umbali wa mji na mji hajawahi kusimama steji ya Litein saa kumi na moja alfajiri, mvua inanyesha, akingoja matatu ijae. Angekuwa amesimama, ingeonekana kwenye hesabu zake. Unaandika Kericho, unaandika London, na kabla hujapepesa macho umejibiwa: kilomita 6,650, muda wa kuruka saa nane na ushei. Kuruka kutoka wapi, haisemi. Labda juu ya paa la kiwanda cha majani chai.

Nikaujaribu kwa kitu ninachokijua. Kericho hadi Bomet: kilomita 46, dakika tatu na nusu angani. Dakika tatu na nusu! Muda huo makanga wetu hajamaliza kumshawishi abiria wa mwisho kwamba kiti cha watu watatu hukaliwa na wanne wakipendana. Barabara nayo haina haraka. Inapita Litein, inapita Kapkatet, inakwenda mpaka Kaplong kusalimiana na watu wa Kisii, ndipo inakumbuka kwamba ilikuwa inakwenda Bomet.

Najua mtambo unavyofanya kazi. Unachukua njia fupi kabisa juu ya mviringo wa dunia, unaigawanya kwa mwendo wa ndege kubwa, kilomita 800 au 900 kwa saa, basi, umemaliza. Kwa hesabu hiyo Kericho na Nairobi zimeachana kwa kilomita 200 tu, yaani robo saa. Barabara ni kama kilomita 265, na robo saa ndiyo muda dereva anaochukua kumtafutia chenji abiria wa Chepseon.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba ndege zenyewe naziona. Za kutoka Kisumu kwenda Nairobi hukatiza anga yetu, na kabla hazijamaliza saa nzima abiria wake wameshashuka Nairobi wakiburuta vijisanduku vyenye magurudumu. Sisi tuliopitwa utosini tunabaki na sauti. Kericho nayo ina kiwanja chake kidogo, Kerenga, ambacho kwa mtu wa kawaida kazi yake kubwa ni kuonyeshwa wageni kwa kidole: "Pale ni uwanja wa ndege." Mgeni anauliza ndege iko wapi. Tunabadilisha mazungumzo.

Nisingejali haya yote lau kama nisingalifundisha jiografia hadi nikastaafu. Kijijini, mwalimu wa jiografia hastaafu. Mwenye kijana aliyepata kazi ya ulinzi Doha huja kwangu kuuliza ni mbali kiasi gani. Mwenye binti muuguzi Uingereza huja kuuliza sasa hivi huko ni saa ngapi, na akishajibiwa hupiga simu hapohapo, nje ya mlango wangu, kwa sauti ya kutosha kufika bila simu. Zamani kijana akimaliza shule aliulizwa kama ameandikwa kazi kwenye mashamba makubwa ya chai. Siku hizi anaulizwa kama ana pasipoti.

Basi mpwa, hapana, mtoto wa mdogo wangu, na kwetu huyo ni mtoto wangu kabisa, akapata nafasi ya chuo kikuu Minneapolis. Kipngeno. Kijana mpole, ananiita Baba Mkubwa, hajawahi kunisumbua. Waliobaki ndio walionisumbua.

Wa kwanza ni mama yangu mzazi, ambaye wajukuu wamemwita Kogo mpaka na sisi wanawe tukaacha kumwita Mama. Nilimweleza vizuri. Kwamba ndege ya Kenya Airways ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, iliyoanza tarehe 28 Oktoba 2018, hukata kilomita zipatazo 11,800 kwa muda wa saa kumi na tano hivi. Nilisema kwa utulivu wa mtu aliyekula vumbi la chaki maisha yake yote.

Kogo akauliza, "Anaondoka saa ngapi?"

"Usiku, karibu saa tano na nusu."

"Na huko anafika saa ngapi?"

"Alfajiri, saa kumi na mbili na nusu."

Akahesabu kwa vidole, polepole, kwa uaminifu. "Saba. Umesema kumi na tano. Hizo nane amekula nani?"

Nikaingia kwenye mambo ya jua. Kwamba New York iko nyuma yetu kwa saa nane wakati wa baridi yao, na saba wakati wa joto, kwa kuwa wenyewe husogeza mishale ya saa mbele mwezi Machi na kuirudisha Novemba. Hilo la mishale lilichafua kila kitu. Sisi tuko kusini mwa Ikweta kwa chini ya digrii moja, jua letu halina tabia hizo. Linachomoza muda uleule Januari na Julai, linatoka kidogo, alasiri mvua inalifukuza, pengine na mvua ya mawe juu yake, siku imekwisha.

"Wanakaa wanaamua sasa ni saa ngapi?"

"Ndiyo, Kogo."

"Na watu wanakubali?"

"Wanakubali."

Alinitazama kama anayetafuta nilipoanza kuharibika. Kisha akauliza habari za kurudi. Nikamwambia ndege hutoka New York mchana na kutua Nairobi kesho yake kabla ya adhuhuri. Vidole vyake havikutosha, akaazima vya mjukuu aliyekuwa karibu. Ishirini na mbili, na kidogo juu.

Akanyamaza muda mrefu. "Kwenda saa saba," akasema, "kurudi ishirini na mbili. Sasa nimeelewa kwa nini hawarudi."

Sikuwa na jibu. Kwenye kilima chetu peke yake kuna nyumba nzuri za mabati ya rangi zilizojengwa kwa pesa za ng'ambo na zinazolala mlinzi tu, na katika maelezo yote niliyowahi kusikia kuhusu wenye nyumba hizo, hilo la Kogo ndilo pekee lisilomlaumu mtu.

Ukweli, kama kuna anayeutaka, ni kwamba kurudi ndiko kufupi. Huko juu zinakosafiri ndege kubwa kuna pepo kali zinazovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukielekea Marekani zinakukabili kifuani, ukirudi zinakusukuma mgongoni, na tofauti yake inakaribia saa nzima. Niliwaeleza haya vijana wa bodaboda pale njiapanda, kwa sababu waliniuliza, na kwa sababu abiria hawakuwapo. Mmoja wao, mwenye akili kuliko wote, akafupisha: "Kumbe Marekani iko juu ya mlima, Mwalimu. Kwenda unapanda, kurudi unazima injini unateremka." Wenzake wakaona somo limeeleweka. Mimi nikaona bado nadaiwa nauli ya juzi, nikaliacha hivyo.

Na New York yenyewe siyo mwisho. Minneapolis iko mbele zaidi, kama saa tatu nyingine angani, ukiongeza kukaa uwanjani ukiangalia mzigo wako usiibiwe. Moja kwa moja kutoka Nairobi ni kilomita 13,100 hivi, na ndege ya kuzikata kwa mruko mmoja haipo. Mdogo wangu hakutaka habari za kilomita. Bonasi ya majani chai ilipoingia, akaja nayo, akaiweka mezani kando ya bei ya tiketi, akaniuliza, "Mwalimu, kwa hii anafika wapi?"

Nikapiga hesabu. "Doha."

Kilomita 3,350, saa tano. Hapo bonasi ikaishiwa mafuta. Wenzetu wa mashariki ya Bonde la Ufa, kwa jinsi bonasi zao zinavyozidi zetu mwaka baada ya mwaka, wangefika New York na kubaki na nauli ya teksi. Sisi ilibidi ng'ombe wawili wauzwe ndipo mtoto avuke Atlantiki.

Mizigo. Aliruhusiwa masanduku mawili, kila moja kilo 23. Kijiji kizima hakina mizani ya kuaminika isipokuwa moja, ile ya kuning'inia kwenye kituo cha kununulia majani. Tukapeleka masanduku huko jioni, yakapanga foleni nyuma ya magunia ya majani mabichi. Ndani kulikuwa na unga wa wimbi, mboga za saga zilizokaushwa, blanketi moja zito ambalo Kogo aliapa kwamba Wamarekani hawana, na pakiti za majani chai kana kwamba kijana anakwenda kufungua duka. Karani akalitundika la kwanza: kilo 23 kamili. La pili: 23. Tukashangilia. Kumbe karani, kwa mazoea ya kazi, alikuwa amekata uzito wa gunia kama anavyotukata sisi kila siku. Uwanja wa ndege hawakukata kitu. Blanketi likarudi Litein.

Niseme neno kuhusu hayo majani chai, maana yananiudhi. Chipukizi na majani mawili, yamechunwa asubuhi, lazima yafike kiwandani siku hiyohiyo kabla hayajaharibika. Hapo kila mtu anakimbia. Yakishakuwa chai, mwendo unakwisha. Yanashushwa mpaka Mombasa, zaidi ya kilomita 700 kwa lori, kungoja mnada ambao ulianzia Nairobi mwaka 1956 kisha ukahamia pwani. Sehemu kubwa inanunuliwa na Pakistani, ambao ndio wateja wetu wakubwa. Ya kwenda Uingereza ilikuwa ikipita Bahari ya Shamu na Suez, lakini tangu meli zilipoanza kushambuliwa huko mwishoni mwa 2023, kampuni nyingi zikaamua kuzungusha meli hadi Rasi ya Tumaini Jema, chini kabisa ya bara, ndipo zipande tena kaskazini. Kwa hiyo kuna kikombe London ambacho majani yake yalitoka hapa, yakazunguka Afrika nusu, na mnywaji analalamika kwamba maji hayakuchemka vizuri. Huyo sina la kumwambia. Ila kijana anayebeba pakiti sita za chai kwenye mzigo wa kilo 23 kwenda nchi yenye maduka, huyo ningemwambia, kama Kogo asingekuwa amesimama hapohapo.

Sasa tuje kwenye kumsindikiza.

Kuna waliopendekeza apelekwe Kisumu, apande ndege ndogo hadi Nairobi. Pendekezo lilikuwa la busara na lilikufa dakika ileile. Kogo aliuliza swali moja: "Na sisi tutapanda nini?" Mtoto hasindikizwi kwa kumwachia mlango wa ndege Kisumu. Anasindikizwa mpaka pale ambapo askari anasema sasa basi, na hata hapo kuna wanaojaribu kupita. Ikakodiwa matatu ya watu kumi na wanne, na ndani yake tukaingia watu ambao sitawataja idadi kwa kuwa polisi wa barabarani nao husoma magazeti.

Tulikubaliana kuondoka saa kumi na moja alfajiri. Saa tatu asubuhi mchungaji alikuwa bado anaombea matairi, moja baada ya jingine.

Msafiri wa London hukaa kitini, akaletewa chakula, akatazama filamu, akalala, akaamshwa amefika. Sisi tulipofika Londiani kuna aliyetaka kununua mahindi ya kuchoma. Tulipofika Mau Summit, barabara ya Eldoret inapoungana na yetu, tukakutana na malori yote ya Uganda, Rwanda na Kongo yakiwa yamepangana kuteremka Salgaa kwa mwendo wa maandamano ya mazishi. Mwezi Novemba 2025 ndipo upanuzi wa barabara hiyo, kutoka Rironi hadi Mau Summit, ulipozinduliwa, baada ya mkataba wa kwanza na kampuni za Ufaransa kuvunjwa. Naombea wamalize ningali na meno, maana tulipofika Kikopey ilibidi nyama choma iliwe. Huwezi kupita Kikopey na wanaume wa Kipsigis ndani ya gari. Nyama ikachelewa. Mbuzi, nashuku, alikuwa bado anashauriwa. Kipngeno alikuwa akitazama saa yake na mimi nikitazama yangu, na kila tuliyemwambia muda unakwenda alitujibu, "Si ndege ni ya usiku?"

Wakati huo ukoo wa mama yake ulikuwa ukija upande wa pili, kutoka Bomet kupitia Narok. Njia hiyo ina ufupi wake na ina balaa lake. Machi 2018, karibu na Suswa, ardhi ilipasuka na kuikata barabara, na magazeti ya nje yakaandika kwamba Afrika inagawanyika mara mbili. Wataalamu wakafafanua kwamba Bonde la Ufa kweli linapanuka, ila kwa milimita chache tu kila mwaka. Lakini fikiria ramani: Bomet iko upande huu wa Bonde, Nairobi upande ule. Kisayansi kabisa, Nairobi inazidi kutuhama. Sisi tunazihisi hizo milimita kidogo, lakini makanga wa Narok wameshazipima, na kila Desemba wanaziongeza kwenye nauli.

Nairobi tuliikuta na msongamano wake umeshawekwa tayari. Ile barabara ya juu kwa juu iliyofunguliwa 2022 ingetufikisha uwanjani upesi, lakini inalipiwa, na mchango wa kanisa ulikuwa umebaki Kikopey kwa umbo la mifupa. Tukapita chini. Kwa muda tuliotumia tangu Litein hadi geti la uwanja wa Jomo Kenyatta, ndege ingetoka Nairobi ikaenda Doha, ikashusha watu, ikapakia wengine, ikarudi, na rubani akawahi chakula cha jioni.

Na pale getini hushukii kwa heshima. Gari linakwenda kukaguliwa peke yake, abiria mnatembea kupita kwenye mashine, Kogo na fimbo yake akiulizwa kama ana kitu cha chuma. Alikuwa na kitu, lakini si cha chuma. Chini ya shuka alikuwa na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kimesuguliwa kwa mkaa, kimefungwa vizuri, cha mjukuu kwenda nacho mkononi. Nilikuwa nimemwambia kwamba tangu mwaka 2006 kimiminika cha kubeba mkononi ndani ya ndege hakizidi mililita 100 kwa chupa. Aliniuliza mililita 100 ni kiasi gani. Nikamwonyesha. Akasema hicho ni kiasi cha kumwonjesha paka.

Kipngeno akaingia nacho, akatoka nacho. Tukakinywa kwenye maegesho ya magari, kwa zamu, mchungaji akianza. Na hapo ndipo nilipopata hasira ya kweli, kwa sababu uwanja ni uleule ambao wanariadha wetu wakitua na medali hupokewa kwa mursik mbele ya kamera, waziri akishika kibuyu kana kwamba alikikama mwenyewe. Mursik ya kukupokea ni utamaduni. Ya kukusindikiza ni hatari kwa usalama wa anga.

Wanariadha, kwa kweli, wamenipa taabu yangu ya mahesabu. Wilson Kiprugut Chumo, mtu wa Kericho hapahapa, alikwenda Tokyo mwaka 1964. Moja kwa moja ni zaidi ya kilomita 11,000. Alikwenda kukimbia mita 800. Dakika moja na sekunde 45.9, akapata shaba, medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Kenya, akageuza kurudi. Nikiwaza safari ya ndege za enzi zile, kituo baada ya kituo, kwa ajili ya kazi isiyofika dakika mbili, nahisi kuchoka kwa niaba yake. Mdogo wangu husema ndiyo maana alikimbia upesi, alitaka amalize arudi nyumbani.

Na kabla ya hapo ilikuwa mbaya zaidi, au nzuri, inategemea uvivu wako. Mwaka 1932 ndege za Imperial Airways kutoka London hadi Cape Town zilichukua siku kumi na moja, na Kisumu ilikuwa mojawapo ya vituo. Hazikuruka usiku. Abiria walishushwa jioni, wakalala hotelini, wakaamshwa, na sehemu fulani ya Ulaya walipandishwa treni kabisa. Hakuna aliyeuliza muda wa kuruka. Mtu alimuaga mkewe, akasema tutaonana, na akamaanisha kama itawezekana.

Sisi tuliuliza. Tulipokuwa tumesimama pale kwenye maegesho, kibuyu kitupu, binti mmoja wa kanisani akafungua simu yangu, kwa vifurushi vyangu vya intaneti, akaonyesha ramani yenye kijindege kidogo. "Huyu hapa!" Vichwa vyote vikaja. Ndege ya Kipngeno ilikuwa imeinuka. Nikaanza kuwaeleza kwamba njia fupi ya kwenda New York, dunia ikiwa mviringo, haielekei magharibi moja kwa moja. Inatoka Nairobi ikielekea kaskazini-magharibi, inakata Bonde la Ufa, inakwenda Sudan Kusini, Sahara, kisha bahari.

Nikaona ninachokisema. Nikanyamaza. Lakini mdogo wangu alikuwa ameshaweka kidole kwenye skrini.

"Hapa si Nakuru?"

"Ni hapo karibu."

"Na hapa si Eldama Ravine?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo amerudi nyumbani."

Alikuwa amerudi nyumbani. Robo saa tangu aondoke, kijana wetu alikuwa kaskazini kidogo mwa kilima chetu, juu, amefunga mkanda, pengine anaulizwa kama atakunywa chai. Nimepiga hesabu hiyo kwa kalamu na kwa mtambo, na inatoka vilevile: Litein iko karibu na New York kuliko Nairobi kwa kama kilomita 200. Siku nzima, kwa maombi, kwa mbuzi, kwa mchango wa kanisa, tulikuwa tumemchukua mtoto tukampeleka mbali zaidi na Marekani.

Kogo, ambaye hakuwa akitazama simu, akauliza kuna nini. Akaelezwa kwa Kikipsigis na watu watatu kwa pamoja.

"Sasa kwa nini isingesimama hapo ikambeba?" akasema.

Nikajaribu kueleza uwanja wa ndege kubwa unavyotakiwa kuwa, urefu wa njia yake, uzito wa mafuta ya saa kumi na tano, kwamba Boeing 787 haiwezi kusimama kwenye shamba la chai. Kila mtu alinisikiliza kwa huruma. Tulipoanza kurudi, usiku, kwa barabara ileile, dereva alisimama Soko Mjinga ili kina mama wanunue kabichi na viazi, maana huko ni bei nafuu, na nani anapita hapo mikono mitupu. Kabla hatujafika nyumbani Kipngeno alipiga simu ametua New York. Alilalamika kwamba amechoka, kukaa muda mrefu vile ni kazi. Nilikuwa nimepakata kabichi nne na miguu ya mchungaji.

Mwaka huu amesema atakuja Desemba. Ameniandikia mimi kwanza, kwa heshima, kuniuliza kama ninaweza kumpokea uwanjani, kimyakimya, bila kusumbua watu. Tutapanda ndege ndogo pamoja hadi Kisumu na mapema tu tuwe nyumbani. Nimekubali. Sijamwambia mtu. Jana mwenye matatu amenisimamisha sokoni kuniuliza kama nitataka ya viti kumi na vinne au basi, kwa kuwa mchungaji ameshalipa rubuni.